Ndege wa Sare ya Dada

Robota la kanga lilipofunguliwa, nilichokiona kwanza ni macho. Nilikuwa nimechora jicho jeusi lenye mduara wa manjano pembeni, mwembamba kiasi cha kukaribia kutoonekana. Kiwanda kilichopiga chapa kiliona uzi ule mwembamba ni usumbufu, kikalijaza jicho zima manjano. Sasa ndege wawili wakubwa walikuwa wamesimama katikati ya kila kanga wakinikodolea, nami nimesimama katika duka la Biashara Street.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa akininunulia michoro tangu nimalize shule, aliipapasa nguo akaisifu pamba yake.

"Nzuri, beti," akasema, akiniita binti kwa lugha yake. "Macho yang'aa. Wanawake wapenda kitu cha kung'aa."

"Siyo rangi niliyoandika."

"Ndege ni ndege, beti. Nani atakwenda kumpima?"

Alisema hivyo kwa sababu hakuwajua wakwe wa dada yangu.

Kanga ile ilikuwa sare ya harusi yake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Idi imepita, mvua za masika zimeshika, na harusi imewekwa mwisho wa mwezi. Kwetu sisi sare si jambo la mzaha. Wanawake wa upande wa bibi harusi na wa upande wa bwana harusi huvaa doti za namna moja, na mtu akikuona tu umepita kichochoroni anajua umetoka kwa nani. Mji wa kanga, yaani pale katikati, nilichora mwenyewe. Pindo nilichora mwenyewe. Jina, yaani maneno ya kanga, ndilo lililotugombanisha. Mimi nilitaka fumbo kali la kuwachoma wenye midomo. Dada alikataa, akataka iandikwe SHUKRANI NI KWA MOLA, basi. Dada yangu hakuwa mtu wa mafumbo. Mafumbo yote katika nyumba yetu nilirithi mimi.

Na wenye midomo walikuwapo. Dada alikuwa mjane. Aliolewa angali msichana, mwaka haukutimia mume akachukuliwa na homa, na tangu siku ile wako watu Mji wa Kale waliokuwa wakimpisha njia kana kwamba amebeba sufuria ya maji moto. Ana nuksi, walisema. Hawakumwambia usoni. Walikuwa wakimsifu kwa adabu yake, wakimpa pole, halafu wakiwaita wana wao wa kiume waingie ndani. Alikaa nyumbani miaka, akifuma kofia na kupika visheti vya watu, mpaka ikaja posa kutoka Tudor. Mwanamume alikuwa karani gatini Mbaraki, mtu mpole, mwenye kucheka kwa kuinamisha kichwa. Mama yake aliridhia. Shangazi yake hakuridhia.

Shangazi huyo ndiye aliyekuwa shughuli. Aliingia nyumba ile kusaidia baada ya ndugu yake, baba wa bwana harusi, kufariki, hakutoka tena, na neno lake lilikuwa likisikika mpaka jikoni. Hakusema hapana. Alisema tu, "Tutazame ishara." Sote tulijua anangoja sababu. Nasi tukampelekea sababu yenyewe, imekunjwa vizuri na kunyunyiziwa marashi.

Sina budi kueleza nilivyowapata ndege wale, la sivyo msomaji ataona tuligombana bure. Katika miezi ya joto nilikuwa nikienda Tudor alasiri, maji yakipwa, nikikaa juu ya ukuta nyuma ya nyumba za watu na ubao wangu wa kuchorea. Matope yale yalijaa ndege. Watu wetu huwaita wote vitwitwi: kila kindege cha ufukweni chenye miguu mirefu na haraka ya kwenda kusikojulikana ni kitwitwi, na mwenye mdomo mrefu uliopinda ni sululu, basi, habari imekwisha. Lakini mkono wa mchoraji hauwezi kuchora "kitwitwi". Lazima uchore mdomo fulani na mguu fulani.

Kwa hiyo nikajifunza kuwatenga. Wako wenye mdomo mrefu, mwembamba, kichwa kidogo na jicho dogo. Hao hutembea bila kusimama na mdomo unapanda na kushuka matopeni kama sindano ya cherehani. Hawatazami wanachokula, wanakipapasa. Na wako wengine, vichwa vya mviringo, mdomo mfupi na mnene, jicho kubwa. Hawa hawapapasi. Hukimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakatazama, wakainama mara moja kuokota, wakakimbia tena. Ukishaona mwendo huo huhitaji kuona rangi. Hata nyayo zao zinasema: wale wa sindano wana kidole kidogo nyuma ya mguu, na hawa wa jicho kubwa wana vidole vitatu tu, vyote mbele. Yuko mmoja wao mnene wa kijivu ambaye bado anacho hicho cha nyuma, kidogo kama punje, na huyo alinisumbua wiki nzima mpaka nilipompata katika kitabu cha ndege nilichoazima maktaba.

Katika hawa wa jicho kubwa alikuwamo mmoja mdogo, tumbo jeupe, shingo nyeupe, na chini ya shingo utepe mweusi. Miguu yake ya machungwa. Nilipomwona nilicheka peke yangu juu ya ukuta. Ndege amevaa mkufu! Nikawachora wawili wakitazamana, jike na dume, nikavihesabu vidole vyao vitatu vitatu kwa fahari, maana wachoraji wengine wa kanga humpa kila ndege miguu ya kuku. Nilitaka dada aolewe ndani ya nguo isiyo na uongo.

Mama ndiye aliyeipeleka doti ya kuonyesha Tudor. Aliondoka asubuhi amevaa buibui lake jipya. Aliporudi hakuvua buibui. Alikaa juu ya kitanda akaniangalia mimi, siyo dada.

"Umechora ndege gani?"

"Kitwitwi, mama. Yule wa mkufu."

"Shangazi mtu asema ni chekeamwezi."

Dada alikuwa akipeta mchele. Ungo ukasimama.

Hakuna mtu kisiwani kwetu asiyemjua chekeamwezi, na hapo ndipo penye ajabu, maana tulikuwa hatujui lolote juu yake ila sauti. Jua likishazama hulia huko mikokoni, kilio kirefu kinachoanza polepole, kikapanda, kikaharakishwa, kisha kikafa. Nyumbani kwetu ilikuwa akilia tu, mama anateremsha mguu kitandani na kuvigeuza viatu vyake chini juu, nyayo zitazame dari, ili msiba usijue pa kuingilia. Alifundishwa na mama yake. Usiku aliokufa mume wa dada, ndege yule alilia, na kila aliyekuwa kwenye matanga alikumbuka kumsikia. Alikuwa akilia kila usiku, lakini usiku ule ndio uliokumbukwa.

"Amesema nini hasa?" dada akauliza.

Mama alilia kidogo kwanza. Kisha akasema, "Amesema ndege yule hakuja nguoni bure. Amesema nuksi haifichiki, yajichora yenyewe. Wataka harusi isimame kwanza. Kesho yuwaja yeye na mama mtu."

Mimi niliwaka. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine juu ya shangazi na mengine juu ya kiwanda. Mama akasema tuitupe ile sare, tununue nyingine yenye maua, yaishe. Nikamwambia tukiitupa tutakuwa tumekiri. Dada aliendelea kupeta, na mawe yaliyokuwa yameshatengwa yakaanza kurudi ndani ya mchele.

Jioni ile nilikifungua tena kitabu cha maktaba nimtafute chekeamwezi, nipate silaha ya kesho. Nilipompata, moyo ulinishuka. Mdomo mfupi, mnene. Jicho kubwa kupita kiasi, tena la manjano. Mwendo wake: hukimbia, husimama, hutazama. Vidole vitatu, vyote mbele. Kila alama niliyokuwa nikijivunia ilikuwa yake pia. Kitabu kilisema ndege wangu na yeye ni ukoo mmoja, nyumba mbalimbali. Vile vidole nilivyovichora kwa uhodari wangu vilikuwa sasa shahidi wa shangazi, ingawa shangazi mwenyewe hajui. Niliogopa hasa. Niliogopa kwamba mtu mwingine atakisoma kitabu kile, na niliogopa zaidi kwamba dada atanitazama kesho akione kile ninachokiona.

Zilibaki tofauti chache. Chekeamwezi ni mkubwa, anakaribia kuku. Wangu anaenea kiganjani. Lakini katika kanga kila kitu ni kikubwa, na ndege wangu alikuwa na ukubwa wa bata. Jicho la wangu ni jeusi, lakini kiwanda kilikuwa kimekwisha kuniponza. Ukiondoa ukubwa na jicho, ulibaki ule mkufu, na rangi ya mwili, na magoti.

Walikuja baada ya Adhuhuri. Mama mtu, yaani mama wa bwana harusi, alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye kupumua kwa nguvu akipanda ngazi. Shangazi alikuwa mwembamba na aliingia kabla ya kukaribishwa.

"Masalkheri."

"Masalkheri, karibuni. Hamjambo? Watu wa Tudor hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Ninyi hamjambo? Mvua haijawavunjia dari?"

"Twashukuru. Na huko kwenu?"

Salamu za kwetu ni ndefu, na siku ile kila neno nililitamani likatike. Kahawa ikanywewa. Halua ikaonjwa. Ndipo shangazi akaitoa ile doti kwapani, akaitandaza juu ya mkeka kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," akaniambia, sauti ya asali, "mato haya ni ya nani?"

"Macho hayo ni kosa la kiwanda, shangazi. Nilichora meusi."

"Kiwanda hakimjui chekeamwezi. Basi nani alomuonyesha?"

"Huyu si chekeamwezi. Tazama shingoni, ana utepe. Chekeamwezi hana."

"Huo utepe?" Akaweka kidole juu yake. "Mimi naona kitanzi."

Mama akasema, "Astaghfirullahi." Nilivuta pumzi nijibu, na nilikuwa na jibu, lakini mama mtu aliinua mkono.

"Wewe umewahi kumuona?" akamuuliza wifi yake.

"Nani asiyemjua?"

"Sikuuliza kumjua. Kumuona."

Shangazi akakiondoa kidole juu ya kanga. "Wa kumuona ni nani? Ndege wa usiku yule."

"Na wewe, mama?" akamuuliza mama yangu. Mama akatikisa kichwa. Mama mtu akaitazama mikono yake mwenyewe. "Wala mimi. Nyumba yangu iko juu ya matope yale, na sijamuona."

Nikasema kwa haraka, kabla ya akili kunizuia, "Twendeni mkamuone. Kesho maji yatakupwa asubuhi. Niliwaona mara nyingi wakisinzia chini ya mikoko, nikawapita kwa sababu sikuwahitaji."

Hilo la mwisho lilikuwa la kweli nusu. Niliwahi kuona ndege wawili wakubwa wa rangi ya majani makavu wamejikunyata chini ya mikoko, lakini ni kitabu cha jana kilichonijulisha kuwa ni wao. Dada aliniangalia. Nikatazama kando.

Asubuhi tulishuka wanawake watano nyuma ya nyumba ya Tudor, mabuibui tumeyapandisha, mvua imekatika lakini haijaondoka. Mama mtu alitangulia kwa sababu ni kwake. Nilibeba kanga kifuani. Matope yalikuwa wazi mpaka mbali, nayo yalikuwa matupu. Nilijua tangu kitandani kwamba yatakuwa hivyo. Vitwitwi wa mkufu ni wageni: huja miezi ya joto na kabla masika hayajakolea huwa wamekwisha kwenda zao kaskazini, nchi za baridi, kuzaa. Sululu wawili watatu walikuwa wakizurura huko mwisho, vijana wasiosafiri. Wa mkufu hakuwapo hata mmoja.

"Wako wapi wako?" shangazi akauliza.

"Wamehama, shangazi. Si wakati wao."

Aligeuka akawatazama wenzake wote, mmoja mmoja. "Ndege wa harusi amekimbia kabla ya harusi," akasema. "Mmesikia kwa masikio yenu."

Lilikuwa jibu zuri, lazima nikiri. Mimi mwenyewe ningeliandika kwenye kanga. Mama alinishika mkono akaubana. Nikaona kwamba sasa imebaki njia moja tu: kwa kuwa siwezi kumwonyesha ndege wangu, niwaonyeshe yule wanayemwogopa. Na nisipompata, dada yangu anarudi kwenye kufuma kofia.

Tulifuata ukingo wa mikoko. Nilikagua kila mzizi. Viatu vya mama vilinaswa, tukasimama tukavitoa. Shangazi alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona. Mvua ilirudi, nyembamba. Nilianza kufikiri watakuwa wamekwenda upande wa pili wa maji, na nikahisi machozi ya hasira, kwa sababu mtu hawezi kuamuliwa maisha yake na ndege ambaye hata kumwona haonekani.

Ni dada aliyewaona. Hakupiga kelele. Aliinua kidole tu, akakishusha.

Walikuwa wawili, karibu kuliko nilivyodhani, chini ya mkoko uliolala. Wamesimama bega kwa bega bila kutikisika, rangi yao ni rangi ya matope na majani yaliyooza, michirizi tangu kichwani. Miguu mirefu ya kijani chafu, na katikati ya mguu goti nene lililovimba kama la mzee mwenye baridi yabisi. Mmoja alifumbua jicho. Lilikuwa kubwa, la manjano, na lilituona sote.

"Audhubillahi," shangazi akasema, akarudi nyuma mpaka akanikanyaga.

Niliitandaza kanga polepole, nikaishika mbele yao. "Tazameni," nikasema kwa sauti ya chini. "Wangu tumbo jeupe, huyu ana michirizi. Wangu ana utepe shingoni, huyu hana hata uzi. Tazameni magoti. Tazameni urefu. Wangu ni mdogo, anaenea hapa," nikaonyesha kiganja. "Jicho limefanana kwa sababu ya kiwanda. Kingine chochote hakikufanana." Vidole sikuvitaja.

Mama mtu alisogea hatua moja mbele ya wote. Alitazama ndege, akatazama kanga, akatazama ndege. Alichukua muda wake, na pumzi yake ilisikika. Mvua ilikuwa ikimdondoka puani hajali.

"Siye," akasema mwisho. "Huyu wa kanga ni mwingine."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Nilitaka kucheka kwa nguvu, nilitaka kuruka ndani ya matope. Nilikuwa nimeshinda. Nilianza kuikunja kanga.

"Na angekuwa ndiye?" dada akasema.

Wote tuligeuka. Alikuwa hajaondoa macho kwa wale ndege.

"Lakini siye," mama akamwambia haraka. "Umesikia, mwanangu. Siye."

"Nimesikia. Nauliza, angekuwa ndiye, ningeachwa?"

Nilimwonea hasira wakati ule, hasira ya kweli. Tumetoka motoni salama, naye anarudi kuchukua kitu! Nilimwita kwa macho anyamaze. Hakunitazama.

"Mume wangu alipokufa hapakuwa na ndege nguoni," akasema. Sauti yake haikupanda. "Palikuwa na homa. Leo mdogo wangu amewathibitishia ya ndege. Kesho atakufa kuku bandani, nani atathibitisha? Mtoto ataumwa, nani? Sitaki kuingia nyumba ya watu nikiwa mshitakiwa kila jua likizama. Mkitaka kuniacha niacheni leo, niko karibu na njia ya kwetu. Lakini nijibuni."

Shangazi alitazama matope. Mama yangu alianza kulia bila sauti, na mimi nilisimama na kanga yangu iliyokunjwa nusu, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nikifanya tangu juzi. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia kila mtu kwamba dada yangu si ndege yule. Sikuwa nimeuliza kwa nini aulizwe.

Mama mtu alijifuta uso kwa upande wa buibui.

"Nyumba yangu ni ile pale," akasema, akaonyesha ukuta ule ule niliokuwa nikikaa kuchora. "Nililetwa pale bibi harusi, na kilio cha huyu ndicho nilichokisikia usiku wa kwanza. Nikaogopa nikalia. Mume wangu akanicheka. Alilia nilipozaa wanangu. Alilia nilipozika wawili. Alilia alipokufa mume wangu." Akamgeukia wifi yake. "Na wewe ulikuwapo. Mtoto huyu tunayemuoza leo, wewe ndiwe uliyempokea mikononi. Wakumbuka? Wakumbuka kilichokuwa kikilia dirishani?"

Shangazi hakuinua kichwa.

"Yuwalia mpaka hatusikizani. Nikakwambia funga dirisha, ukanambia mwache alie, mtoto wa kiume amekuja, ndege naye afurahi. Ni maneno yako. Mbona siku ile hukusema ni nuksi, tukamtupe mtoto?"

Mvua ilikaza. Shangazi alitafuta ncha ya buibui lake, akaivuta, akaiachia. "Siku ile nilikuwa na furaha," akasema. Ndilo neno pekee la kweli nililomsikia akisema, na nilimhurumia kabla sijajizuia.

Mama mtu alinyoosha mkono, akaichukua kanga kwangu, akaikunjua na kujitanda kichwani juu ya buibui. Macho mawili ya manjano yakawa juu ya utosi wake. "Angekuwa ndiye," akamwambia dada, "ningeivaa vivi hivi. Haya, twendeni tukanywe chai, nimelowa."

Wale ndege wawili hawakuwa wameondoka. Yule aliyefumbua jicho alikuwa amelifumba.

Harusi ilifanyika mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. Upande wao na upande wetu walivaa sare, na mwenye duka alikuja kula biriani akaniambia, "Nilikwambia, beti, yang'aa." Shangazi naye alivaa. Ila aliifunga kanga yake mji ukiwa umekunjwa kwa ndani, likaonekana pindo tupu na lile jina, na kila aliponiona nikimtazama aliirekebisha kidogo. Sikumwambia neno. Mtu ana haki ya kuogopa akiwa hamzuii mwenzake kuolewa.

Baada ya wiki chache tulikwenda, mimi na mama, kumwamkia dada kwake Tudor. Tulikaa naye chumbani, mama juu ya kitanda, viatu vyake chini, dada sakafuni anapeta mchele wa kesho. Maghrib ilikuwa imeshaswaliwa. Mume wake alikuwa bado hajarudi kutoka msikitini.

Ndege akalia. Pale kwa dada sauti haikutoka mbali kama kwetu. Ilitoka chini ya dirisha, ikapanda, ikaharakishwa, ikafa. Mazungumzo yalikatika. Nikauona mguu wa mama unateremka polepole kutoka kitandani, unavitafuta viatu uvigeuze.

"Ngoja, mama," dada akasema, bila kuinua uso kwenye ungo. "Huyo ni mmoja. Mwenzake hajajibu."

Mama akabaki mguu hewani. Tukasikiliza wote watatu. Niliona mikono ya dada imesimama pia, na mchele umetulia, na nikajua kwamba kila jioni huwa anangoja hivi.

Kutoka upande wa pili wa mikoko, mwenzake akajibu. Dada akaendelea kupeta. Mama akaurudisha mguu wake kitandani, na viatu vikabaki kama alivyovivua.